Nimemeza, Mchungaji

Salman, uko? Apa kwanza hutacheka.

Nimetoka kanisani Bumula saa hii, nimejificha nyuma ya choo. Nimejiaibisha bana.

Si leo tulikuwa na meza ya Bwana. Mchungaji akanipea kale kakikombe ka plastiki, nikakunywa yote. Halafu nikafungua mdomo wote, nikatoa ulimi, nikasema kwa sauti: "Derrick Makokha, nimemeza!"

KWA MCHUNGAJI, Salman. Vile tu mimi na wewe tunafanyanga kila asubuhi pale kliniki tukikunywa methadoni, ndio nesi aone hatujaficha dawa mdomoni.

Kanisa yote ikageuka kuniangalia. Mchungaji akaniangalia ulimi kama daktari, ati akasema, "Ni sawa, ndugu."

Na hakuna mtu huku alijua nilikuwa natumia unga. Hakuna! Mama ndiye alinikataza kusema: "Watu wa kanisa wako na mdomo. Hiyo ni siri yetu."

Nikajua basi, nimeisha.

Sasa sikia. Nani alisimama? Mama mwenyewe, benchi ya mbele, na kile kitambaa chake cha kichwa cha kina mama wa kanisa, machozi tu. "Mnashangaa nini? Kijana wangu anakunywa dawa ya kuacha heroini. Leo ni siku mia mbili na kumi na nne!"

Siri yetu, ati.

Na Salman, mimi mwenyewe niliachia kuhesabu siku ya themanini.