Kwa Elia, Kuhusu Fomu Niliyoijaza Mwenyewe

Mwanangu Elia,

Nisamehe kwa kimya changu. Tangu walipokurudisha nyumbani umepita karibu mwaka mzima, na katika muda huo sikukuandikia hata ukurasa mmoja, mimi niliyekuandikia kila Jumapili ulipokuwa shule ya bweni. Kwenye simu nimekuwa nikikuuliza afya, nikikupa salamu za mtoto, kisha nikimpa mkeo simu upesi. Bila shaka uligundua. Sikuwa na shughuli wala sikuwa mgonjwa. Lipo jambo nililopaswa kukuambia tangu siku ya kwanza, nikashindwa, na kila siku iliyopita ililifanya liwe gumu zaidi kusemeka.

Nitalisema katika barua hii. Lakini niruhusu kwanza nikukumbushe vuli iliyopita, usije ukadhani kwamba nimesahau jinsi tulivyoishi.

Unakumbuka nilivyofika mwishoni mwa Agosti na masweta mawili, nikidhani China yote ni baridi? Ulinipokea uwanja wa ndege, ukayatazama, ukasema, "Mama, hayo utamvika nani?" Wiki nzima nililala sakafuni kwa ajili ya joto. Kisha joto likapungua. Kwetu Korogwe vuli ni mvua na matope. Hapa Guangzhou mvua ndiyo hukoma, anga likawa safi, na nguo zikakauka kibarazani kwa nusu siku. Mama Rehema alikuwa akitoa magodoro yote kuyaanika huku akipiga mluzi. Sikuwahi kuwa na mkwe anayepiga mluzi. Nilitaka kumkanya, nikajikuta nausubiri.

Jioni mlirudi nyote wawili kutoka Barabara ya Zhanqian, yeye kwenye kibanda chake cha suruali za jinzi, wewe kwenye kufunga mizigo, nyuzi za buluu zimewanata nguoni. Mimi nilikuwa nimepika mchicha wao, ule wenye majani mekundu katikati, na ugali wa unga aliotuletea Athumani, jirani yetu wa Mombasa. Rehema wetu mdogo aliula ugali kwa vijiti. Nilipotaka kumnyang'anya ulinizuia. "Mwache, Mama. Tonge ni tonge."

Naye Athumani hakukosa.

"Hodi, Mwalimu. Leo mwapika nini?"

"Chakula cha wenye nyumba."

"Basi nimefika. Mie nimekinusa tangu ghorofa ya tatu."

Halafu ilikuja sikukuu yao ya mwezi mpevu, ambayo familia yote hula pamoja. Tulipanda juu ya paa na majirani wote, watoto wakiwa na taa za karatasi. Ulimenya balungi bila kulikata ganda vipande, ukamvika Rehema ganda lile kichwani kama kofia, kama wanavyowafanyia watoto hapa. Kisha ukamenya la pili ukanivika mimi.

"Mwalimu Mkuu amepandishwa cheo," ulisema.

"Elia, niheshimu."

Lakini sikulivua. Nilishuka nalo ngazi zote. Mama Rehema alikata keki ya mwezi, ambayo hugawanywa kwa idadi ya watu wa nyumba, na akakata vipande vitano badala ya vinne. Ulipomuuliza alijibu kwa Kiswahili alichojifunza kwako, "Athumani kula hapa kila siku. Basi ni nyumba." Athumani alikichukua kipande chake akageuka upande, akajifanya anautazama mwezi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Sasa nikuambie nilivyoyaharibu.

Wiki ile ile tulihamia jengo la kichochoro cha pili, hapa hapa mtaani Xiaobei, na Athumani akachukua chumba mlango wa pili. Unaijua sheria: mgeni akihama, lazima aende kituo cha polisi kuandikisha anwani mpya. Nilipofika nchini ulinipeleka kesho yake asubuhi, pasipoti yangu ikiwa mfukoni mwako kifuani. Safari hii nilikukumbusha Jumatatu, ukasema, "Tutakwenda, Mama." Nilikukumbusha Jumatano, ukasema niache, utakwenda mwenyewe. Ijumaa ukasema, "Mama, hapa si shule."

Neno hilo liliniuma, na nitakuwa mwongo nikisema halikuchangia.

Hukuniambia kwamba viza yako ilikwisha siku chache baada ya mimi kufika, wakati walipowanyima karibu wageni wote nyongeza. Niliona kwamba ulipanda kwa ngazi za nyuma. Niliona kwamba uliacha kwenda mji wa Shiling kununua mikoba, na kwamba polisi waliposimama mlangoni mwa majengo kukagua pasipoti ulibaki ndani siku nzima ukisema kichwa kinauma. Nilikuwa mwalimu miaka thelathini na minne, na nikiona mtoto anakwepa kazi najua jina la kosa lake. Nilisema moyoni kuwa ni uvivu.

Jumamosi nilivaa nguo za kanisani, nikachukua pasipoti yangu na karatasi ya pango, nikaenda peke yangu. Askari kijana alinipa kiti na fomu yenye Kiingereza chini ya Kichina. Palipoulizwa wanaoishi katika nyumba hiyo, niliandika majina manne kwa herufi kubwa, nikaanza na lako kwa sababu wewe ndiye mkuu wa kaya. Hakuna aliyenilazimisha, Elia. Askari hakuniuliza swali hata moja. Nafasi ilikuwapo, nikaijaza.

Nikarudi nimeridhika. Nilimnunulia Rehema zile kokwa wanazozikaanga kwenye mchanga mweusi na sukari, tukaketi kwenye ngazi tukazimenya mpaka vidole vikanata. Sikukuambia. Nilikuwa nasubiri wewe uanze kulizungumza, ili nikujibu kwamba jambo lenyewe nimeshalimaliza.

Jumanne walikuja tukiwa mezani. Walikuwa wawili, na mmoja alishika karatasi niliyoitambua kabla hajaikunjua. Walitamka jina lako kabla hujainua uso. Ulitazama mlango, ukatazama dirisha, ukamtazama Rehema, kisha ukalirudisha tonge kwenye sahani. "Kuleni," ulisema. "Nitarudi." Rehema aliendelea kula, kwa sababu baba yake alikuwa amemwambia ale.

Wakakuweka wiki tatu, wakakupandisha ndege. Simu yako ya kwanza kutoka nyumbani ulisema ni Athumani aliyekuuza, kwa kuwa ndiye pekee aliyejua chumba chetu kipya. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilimpa mkeo simu. Ulirudia mara ya pili na ya tatu, ukamkataza mkeo kumfungulia mlango, naye akatii. Nilisikia Athumani akibisha hodi nje, kisha nikasikia ameacha kubisha.

Siku moja alinikuta kwenye ngazi. "Mwalimu, nimewakosea nini? Mwanao hashiki simu yangu. Mkewe anipita kama nguzo."

Nikamjibu, "Sijui, baba."

Nilisema hivyo, mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Wiki hii nimemwambia Athumani ukweli. Aliweka mfuko wake wa vitunguu chini. "Mlango wa pili, Mwalimu," akasema. "Ungeniuliza mie tu kabla ya kwenda. Mlango wa pili." Nikamwomba anisaidie kukueleza. Alikataa. "Hilo ulilifanya kwa mkono wako. Mwandikie kwa mkono wako."

Mkeo pia nimemwambia. Alikuwa akikunja suruali, na hakuacha kukunja. Alipofika ya mwisho alisema, "Bibi andika vizuri sana." Sikujua kama ni lawama. Sikuuliza. Tangu siku hiyo ananitengea chakula kama kawaida, na hatuzungumzi ila kuhusu mtoto.

Vuli imefika tena. Anga ni lile lile, kibaraza ni kikavu, magodoro yamebaki ndani. Sikukuu yao imepita. Tuliisikia kupitia dari, watoto wakikimbia juu ya paa, na Rehema hakuomba kwenda. Ana miaka mitano na ameshajifunza kutoomba. Sijui kama nilimfundisha mimi.

Sasa sikiliza hili vizuri, kwa sababu ndilo lililobaki. Viza yangu inakwisha mwisho wa mwezi, na wamekataa kuiongeza. Mama Rehema hawezi kushika kibanda na mtoto peke yake. Analala muda wa saa tano tu, na amekonda. Njia ni mbili. Ama Rehema aje nami kwako Korogwe, ama apelekwe kijijini Hunan kwa wazazi wa mama yake, alikokwenda mara moja tu, na watoto wakapanga foleni kumgusa nywele. Akija, mama yake hajui atamwona lini. Akibaki, wewe uliyepigwa marufuku kuingia hutamwona mpaka awe msichana mkubwa asiyekumbuka sauti yako. Nimetafuta njia ya tatu hadi nimechoka. Haipo. Ingekuwapo kama nisingetoka nyumbani Jumamosi ile.

Mkeo amekwenda Hunan kushauriana na wazazi wake. Atarudi baada ya siku nne. Tumebaki wawili. Jana Rehema alikaa mbele yangu, akaniita laoban, jina ambalo wauzaji wa hapa humwita kila mnunuzi, yaani bosi, na ambalo amenipa tangu nilipofika.

"Laoban, mimi nakwenda wapi?"

"Sijui, mjukuu wangu."

"Laoban anajua."

Nikasema tena kwamba sijui. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyegundua kwamba anafichwa kitu, halafu akaenda kupanga viatu vyake viwili mlangoni, pua zikielekea nje.

Kurasa hizi nakutumia leo kwa picha kwenye simu, zisichelewe. Nina mambo mawili ya kukuomba. Mpigie Athumani, hakufanya lolote ila kula kwetu. Na mpigie mkeo kabla hajaondoka kwao, umwambie unachokitaka kwa kinywa chako, hata kama ni kumwomba mtoto wake. Msamaha sikuombi. Sijui ningeuweka wapi.

Ushauri pia sina. Ungeniuliza mwaka jana lililo sahihi, ningekujibu kabla hujamaliza swali. Leo ni siku ya tatu nimekaa hapa, kila nikisema aje namwona mama yake, na kila nikisema abaki nakuona wewe.

Mama Rehema akirudi na kusema alivyoamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo kwa maneno yake yeye, bila kuongeza langu. Mtoto awe anakuja, au awe haji.

Mama yako,
Guangzhou