Memori ya Dada

Wee, nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Ile memori mpya ya kompyuta ya dada, kumbe muda wote inatembea chini ya spidi iliyoandikwa juu yake! Dada kaenda kuoga, nikasema ngoja nimfurahishe.

Nikazima fasta, nikawasha, nikaingia kwenye setingi, nikaipandisha spidi. Ikajizima, ikawaka. Kioo cheusi tii! Feni inavuma, kioo cheusi tii! Roho mkononi.

Nikazima, nikawasha. Bado giza. Nikarudia tena, mara ikajirudisha yenyewe kwenye spidi ya zamani, ikawaka. Nikashusha pumzi.

Ndipo dada akapaza sauti kutoka bafuni: "Usiguse kompyuta yangu! Kazi yote ya tangu asubuhi sijaisevu!"

Nimejibu, "Sawa, dada."

Maji yamefungwa. Anatoka.