Sufuria Yenye Masizi

Mpendwa Mjomba,

Umetuacha mwaka wa nne sasa, na muda huo wote nimekuwa nikikuandikia barua hii kichwani, nikifua nguo, nikisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, nikingoja chai ichemke. Leo nimeketi na kalamu. Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa mimi na wewe tuliongea Kikamba maisha yetu yote. Mambo ninayotaka kukukumbusha niliyapitia kwa Kiswahili, katika wadi ambayo mtoto wa kitanda cha pili hakujua hata neno moja la lugha yetu.

Nilikuwa na miaka tisa, katikati ya miaka ya sabini. Kifua kikuu kilikuwa kimeniingia kwenye mfupa wa nyonga, na daktari wa hospitali moja ya misheni upande wa Kitui alimwambia Baba kwamba nitalala pale mwaka mzima, labda na zaidi, nikiwa nimefungwa plasta kutoka kiunoni hadi karibu na kifundo cha mguu. Baba alikuwa kibarua wa barabara kule Kibwezi. Mama alikuwa na shamba, mbuzi, na Susu, mama yake Baba, ambaye macho yalikuwa yameanza kumchosha. Hakuna aliyeweza kubaki nami. Dirisha la wadi lilikuwa juu, kwa hiyo walipoondoka niliona kitambaa cha kichwani cha Mama tu, kikipita hadi mwisho wa kioo.

Wewe ulikuwa kaka mdogo wa Mama na mpiga picha wa pekee pale soko la Mbumbuni. Ulinitembelea mwezi wa pili ukaniletea picha ya Mama amesimama mbele ya nyumba yetu. Ulidhani umeniletea furaha. Nililia siku tatu, homa ikapanda, na Nesi Kavata akaifungia ile picha kwenye kabati la dawa. Ulikuwa umelala kwa jamaa pale karibu, kwa hiyo uliporudi kuniaga akakueleza, bila ukali, kwamba sura za nyumbani huwavunja watoto wa wadi ile. Ulikuja ukasimama kando ya kitanda changu na kofia mkononi. Ulifikiri sana.

"Basi watu tuwaache," ukaniambia. "Nitakuletea nyumba yenu, kitu kimoja kimoja."

Sikuelewa ulichomaanisha mpaka bahasha ya kwanza ilipofika kwa posta. Ndani mlikuwa na picha saba, ndogo kama kiganja. Sufuria ya isyo, ile ya kuchemshia mahindi na maharagwe, na kifuniko chake kilichobonyea. Kinu. Taa ya chemni. Pasi ya makaa imefunguliwa mdomo. Kiti cha Susu cha miguu mitatu. Debe la maji. Komeo la mlango, lile lililokuwa likikwama wakati wa mvua. Nyuma ya kila picha uliandika siku kwa penseli, na chini yake maneno yale yale: Mama anakusalimia toka nyumbani.

Baadaye Mama alinisimulia ulivyofanya. Kila siku ulibakiza nafasi moja kwenye filamu ya wateja wako. Kabla jua halijashuka ulipanda baiskeli mpaka kwetu, ukasimama mlangoni na kumuuliza leo tupige nini. Mwanzoni alikucheka. Kisha akaanza kukuwekea kitu tayari, amekifuta vumbi, kana kwamba kinaenda kanisani. Mzee mmoja wa kanisa alimuuliza Mama kama kaka yake ana akili timamu, kupiga picha ya mwiko. Wewe uliendelea na kazi yako. Ulipiga, ukafunga kamera kwenye mfuko wake wa ngozi, ukarudi sokoni.

Sijui kama niliwahi kukueleza vizuri kuhusu Halima, yule wa kitanda cha pili. Alikuwa na miaka kumi na moja, ugonjwa wake ulikuwa kwenye uti wa mgongo, na baba yake alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka kaskazini mashariki. Kiswahili chake alikiokota kwenye minada, na mimi nikakiokota kwake. Bahasha zako zikawa zetu wawili. Alizipanga picha kifudifudi kwenye shuka, akafunua moja, akaniambia nimweleze hiki kinakaa wapi na nani hukitumia. Baada ya miezi michache Halima, ambaye hajawahi kufika Mbumbuni, angeweza kuingia kwetu gizani akachota maji bila kujikwaa. Alijua msumari wa leso ya Mama. Alijua viatu vya nani hukaa upande gani wa mlango.

Ndiyo maana tulipoiona picha ya mwezi wa saba, tuliiona pamoja.

Ilikuwa sufuria ile ile, niliijua kwa kifuniko. Lakini ilikuwa na masizi kutoka kitakoni mpaka karibu na mdomo. Mjomba, wewe unajua Mama alivyosugua sufuria, kwa jivu na mchanga, hata kama ana homa. Nikazitoa picha zote za wiki ile nikazipanga kifuani. Msumari haukuwa na leso. Mlangoni palikuwa na viatu vya Susu peke yake. Nikatazama za wiki iliyotangulia, na ile nyingine. Vitu vya nyumba vilikuwepo vyote, na hapakuwa na kitu hata kimoja chenye dalili ya mkono wa Mama. Nyuma umeandika: Mama anakusalimia toka nyumbani.

Halima alizitazama kwa muda mrefu. "Mama yako hayuko," akasema. Halafu, polepole, bila kuniangalia: "Mimi pia waliniambia wangu amesafiri."

Sikulia. Niligeuza uso ukutani nikakataa kula. Nesi Kavata alileta uji, akaleta yai, akaketi kitandani pangu saa nzima ya mapumziko yake. Nilifunga midomo. Bahasha yako iliyofuata sikuifungua. Mwishowe alikupelekea habari kupitia dereva wa lori la hospitali, na siku ya nne ukaingia wadini na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Hukuwa umeketi bado nilipokuuliza, "Mama amekufa lini?"

Uliweka kofia juu ya kabati. Ukavuta kiti.

"Hajafa, Mwende. Ako hospitali kama wewe. Ana mimba, na daktari amemkataza kuinuka mpaka mtoto azaliwe."

Kisha ukanieleza yaliyobaki kwa Kikamba, kwa sauti ya chini. Kwamba baada yangu Mama alikuwa amepoteza mimba mbili, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwamba safari hii alianza kuvuja damu akiwa kisimani, wakamkimbiza hospitalini, na kitu cha kwanza alichokuomba ni kwamba mimi nisijue. Alisema nina mzigo wangu tayari, nisiongezewe wake.

Sikukuamini. Nilikwambia wewe ni mwongo. Nililisema kwa Kiswahili na kwa sauti, wadi nzima ikasikia, neno ambalo mtoto wa kwetu hamwambii mjomba wake hata akiwa amekosewa. Nilingoja ukasirike. Ulichukua kofia juu ya kabati ukaizungusha mkononi.

"Ni kweli nilidanganya," ukasema. "Niliandika anakusalimia toka nyumbani, na hakuwa nyumbani. Sasa niambie nikuletee nini ndio uamini."

Nilifikiri kama mtu mzima, Mjomba, bado nashangaa. Picha ya uso wake haingenisaidia, ulikuwa nazo nyingi za zamani. Kichwani pa kitanda changu palifungwa kipande cha kitambaa cheupe chenye jina langu kwa wino mwekundu. Nilikivuta mpaka uzi ukakatika, nikakupa. Nikakwambia Mama akishike. Nesi Kavata aliona yote. Alikwenda kuandika kingine.

Uliondoka bila hata kunywa chai uliyoandaliwa. Nilikubali kunywa uji, nusu kikombe asubuhi na nusu jioni, kwa sababu Halima aliniambia nikifa kabla picha haijafika sitajua jibu.

Siku ya nane ulikuja mwenyewe. Hukuiamini posta. Ulinipa picha ikiwa bado imekunjamana kidogo pembeni kwa kukaushwa haraka. Blanketi la hospitali. Tumbo limeinuka chini yake. Juu ya tumbo, mkono wa Mama, na lile kovu la mvuke chini ya kidole gumba, ambalo hakuna mwanamke mwingine duniani analo. Katikati ya vidole, kitambaa changu. Jina lilisomeka vizuri.

Halima aliichukua mkononi mwangu akaisogeza karibu na macho. Alikaa nayo. Aliponirudishia akasema, "Huyu yuko hai." Kisha akaiomba tena, na safari hii nilimwachia mpaka jioni.

Nakumbuka njaa. Ilinijia kwa nguvu. Nilikula ugali uliopoa, nikala kabichi, nikala na yai la Halima, aliyesema halitaki. Wewe ulikuwa umegeukia dirisha, unafuta miwani kwa ncha ya shati, na ulipomaliza kufuta ulianza upya.

Kuanzia siku ile uliandika nyuma ya picha mambo yalivyokuwa. Mama bado amelala, miguu imevimba kidogo. Susu ameunguza maharagwe, picha ya ushahidi ni hii. Leo Mama amelia kwa kuchoka, kesho nitaenda kumwona. Nilizisoma bila hofu. Hata habari mbaya zilinituliza, kwa sababu nilijua hakuna nyingine iliyofichwa chini yake. Mwezi wa kumi ukaja na picha ya karai lililojaa nepi. Uliandika: Mvulana. Anaitwa Mutinda. Analia sana. Mama mzima. Tuliimba mpaka tukanyamazishwa.

Halima alitangulia kwenda nyumbani, akitembea wima na koti la chuma mgongoni. Mimi nilitoka baada ya miezi kumi na minne, kwa magongo. Nilipoingia kwetu kila kitu kilikuwa mahali pake, hakuna kilichonishtua ila rangi. Lile karai lilikuwa la kijani. Mimi nilikuwa nimelijua la kijivu, kama lilivyokuwa kwenye picha. Mama alicheka huku machozi yanamtoka, na Mutinda mgongoni akaanza kulia kwa kelele zetu.

Sasa nikwambie jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita daktari alimkuta Mama na uvimbe tumboni, akasema lazima apasuliwe. Mutinda yuko chuo kikuu Nairobi, alikuwa anakaribia mitihani ya mwisho. Baba akasema kijana asiambiwe kitu mpaka amalize. Ninamheshimu Baba, na sababu yake ilikuwa nzuri, kama ya Mama wakati ule. Nilimwandikia Mutinda barua. Niliandika kwamba wote tu wazima, na nilipofika hapo nikaona mwandiko wako wa penseli.

Niliichana. Nilikwenda kwenye simu ya posta nikapiga bweni lao, nikasubiri waende kumwita, nikamwambia yote bila kupunguza.

"Asante kwa kuniambia," akasema.

Alikuja Ijumaa, akakaa na Mama siku mbili wakicheka mambo yao, akarudi akafanya mitihani yake. Baba hakuniongelesha kwa wiki. Kisha Mama akapasuliwa, na majibu yakarudi: si ule ugonjwa mbaya tuliouogopa. Daktari ameutoa wote. Baba alikaa kwenye benchi la hospitali akaomba maji ya kunywa, halafu akanishika bega.

Mjomba, uliishi miaka mingi baada ya siku ile ya wadini, na hukuwahi kunikumbusha neno nililokuita. Mimi nami sikuwahi kulifuta. Nalifuta leo. Ulificha kwa sababu dada yako alikuomba, na uliacha kuficha siku ile ile mtoto alipokuuliza. Sijakutana na watu wengi wanaoweza hilo la pili.

Jana nilikwenda kumwona Mama. Daktari amemwambia apumzike wiki sita, na hii ni ya tatu. Nilimkuta shambani, ameinama katikati ya mbaazi, anang'oa magugu. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka, akaniambia nipunguze kelele au nije nimsaidie, na sina siku niliyofurahi hivyo mwaka huu.

Pumzika vizuri. Huku tu salama, na safari hii ni kweli.

Mimi mpwa wako,
Mwende