Baba, Jua Lako Limekoboa Mpunga wa Ifakara

Baba,

Shikamoo. Nimezoea uitikie, kwa hiyo nimekaa kidogo na kalamu mkononi kabla ya kuendelea. Haya, nitachukulia umeitikia, maana leo nina habari na siwezi kuzikalia.

Mashine yako imefanya kazi. Si ile ya dizeli. Namaanisha ile yako ya mvuke, uliyoichochea kwa pumba za mpunga tangu sijazaliwa, ambayo tajiri mwenye kinu alikuwa anatafuta mtu wa kuinunua kama chuma chakavu. Imezunguka wiki tatu, Jumapili tu ndiyo imepumzika, na aliyesimama mbele ya tanuru ni mimi, Yuliana wako. Najivuna, Baba. Sioni sababu ya kujifanya mpole kwenye barua inayokwenda kwako.

Nianzie mwanzo, usije ukasema nasimulia kama Mama, mguu mmoja Ifakara na mwingine Mahenge.

Mwaka huu mvua za milimani hazikupumzika. Mto ulipanda, na kuanzia kijiji cha Mbingu kushuka huku kwetu bonde lote likawa maji. Hilo tumelizoea, maji ndiyo yanayotuletea udongo mpya. Lakini safari hii yalikataa kuondoka. Watu wenye mashamba ya juu walishavuna, mpunga ukaja kwa mitumbwi na vichwani, magunia yakajaa ghalani mpaka yakapangwa kwenye baraza ya mashine. Na barabara ya Kidatu ilikuwa bado imekatika. Mapipa ya dizeli yalikwama huko ng'ambo, hakuna lori la kuyafikisha. Asubuhi moja ile injini mpya ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Fundi Saidi, yule kijana aliyekuja nayo, akagonga pipa la mwisho, likalia tupu.

Tukarudi kwenye vinu. Wanawake wa mji mzima tulitwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge, na bado magunia hayakupungua hata kwa kuyaangalia. Yale ya chini, yaliyoguswa na maji, yakaanza kuchipua. Mama alitia mkono kwenye gunia letu akautoa na mpunga wenye vijimizizi vyeupe. Ule ulikuwa mwaka wetu mzima, Baba, wetu na wa jirani zetu wote, unatuharibikia barazani.

Ndipo tajiri akaikumbuka mashine yako.

Hapa sasa kuna jambo ambalo lazima niliseme kabla sijaendelea kujisifu. Walipoleta dizeli na kukuambia upumzike nyumbani, wewe kila Jumamosi ulichukua kopo lako la mafuta na kitambaa, ukaenda kuifuta na kuipaka mashine isiyofanya kazi. Hakuna aliyekutuma. Makarani walikuwa wanakucheka dirishani. Na mimi, mwanao, nilikuja nikasimama mlangoni pa banda nikakuambia, "Baba, acha. Watu wanatucheka." Ulifunika kopo, ukanitazama, ukasema, "Sawa, mama." Jumamosi iliyofuata ukaenda tena. Ukaenda mpaka ile Jumamosi ya mwisho, kabla homa haijakulaza. Mimi neno langu sikuwahi kulirudisha. Nilifikiri nina muda.

Basi Fundi Saidi alipoifungua ile mashine ili aone imeoza kiasi gani, alitoka na mikono myeusi kwa mafuta mazito. Kila chuma kinachosogea kilikuwa kimepakwa. Hapakuwa na kutu, hapakuwa na buibui. Alisema mbele ya tajiri kwamba mashine zinazofanya kazi kila siku hajaziona zikitunzwa hivyo. Niliposimuliwa, nilienda nyuma ya nyumba nikalia kwanza.

Wakajaza maji kwenye boila, wakatafuta moto. Kuni zote mjini zimelowa. Kilichobaki kikavu ni pumba zako tu, kwa sababu ulimsumbua tajiri mpaka akaziezekea banda. Fundi Saidi akachukua sepetu akajaza tanuru pumba mpaka juu, kama mtu anayefukia shimo. Ukatoka moshi mzito, ukaziba macho ya watu mpaka sokoni, na moto ukafa. Akajaribu tena, ukafa tena. Siku mbili. Tajiri akasema basi, pumba haziwaki, hicho chuma kiuzwe.

Niliposikia hayo, niliondoka nyumbani na unga wa mchele mikononi. Sikuaga. Nilipofika nikamwambia Saidi aniachie nafasi. Kijana ana adabu, alinipa shikamoo, halafu akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuchochea boila. Nikamwambia sijawahi, lakini nimeleta chakula hapa kila siku ya kazi tangu nina miaka saba, na aliyekuwa anakila alikuwa hawezi kutafuna bila kufundisha.

Unakumbuka? Nilikuwa nakaa juu ya gunia kusubiri sahani. Ulikuwa unachota pumba kidogo kwenye ungo na kuzirusha ndani ya tanuru kwa kiganja, kutoka kulia kwenda kushoto, mkono umelegea. Ukasema, "Yuliana, mwaga kama unapanda." Nikacheka, kwa sababu ndivyo Mama alivyokuwa anamwaga mbegu za mpunga shambani. Ukanionyesha kwamba pumba zikirundikana hazipati hewa, zinatoa moshi tu, lakini zikitawanyika kila moja inaungua peke yake na kutoa joto lake lote. Pumba hazitaki sepetu, ulikuwa unasema. Sepetu ni la kutolea majivu.

Basi nikamwaga kama napanda. Mimi ni mkulima, Baba, mkono wangu unajua kazi hiyo hata nikiwa nimelala. Mwanzo moshi, halafu moshi ukawa mwembamba, halafu ukaja ule mngurumo wa chini uliouita tumbo la mashine. Niliita wanawake wawili waliokuwa wanatwanga jirani, nikawapa nyungo. Hawakuhitaji somo. Fundi Saidi akabaki kwenye kioo cha kuonyesha maji ya boila na ile saa ya kupimia nguvu ya mvuke, anatutajia mshale ulipofika. Alikuwa anautaja kama mtu anayesoma jina la mwanawe aliyefaulu.

Nikiwa pale, jasho linanitoka, nikakumbuka lile neno lako jingine, lililowafanya makarani wakuite Bwana Jua. Waliwahi kukuuliza kwa kejeli unatengeneza nini humo ndani, ukawajibu, "Mimi sitengenezi kitu. Nahamisha jua tu." Wakacheka wiki nzima. Hata mimi niliona umekosea, jua liko juu, moto uko ndani ya tanuru, vinakutana wapi?

Sasa sikiliza. Mume wangu Damiani, mwalimu, alikuja na kitabu chake cha sayansi jioni ileile akanisomea huku nimenyoosha miguu. Kimeandikwa kwamba nguvu haizaliwi na haifi, inabadilika sura na kuhama mahali. Mpunga unakula jua shambani na kulihifadhi kwenye jani, kwenye punje na kwenye ganda. Ganda likiungua, lile jua linatoka likiwa joto. Joto linaingia kwenye maji, maji yanakuwa mvuke, mvuke unasukuma chuma, chuma kinavuta mkanda, na mkanda unakoboa mpunga. Nikamwambia Damiani asimame hapohapo, hayo nimeyasikia juu ya gunia nikiwa na miaka saba. Ulitofautiana na kitabu kwa maneno tu.

Kuna mengine hukuyajua, nikuambie nawe ucheke. Joto lingi halifiki kwenye mkanda. Linapanda kwenye bomba la moshi na kwenye mgongo wa anayechochea, linaenda angani, na angani nako halikai, linaendelea kutoka nje ya dunia wakati jua linaleta jingine. Na mafuriko, Baba, ni jua pia. Ndilo linaloinua maji ya bahari na ya mabwawa, linayapandisha mpaka yanakuwa mvua milimani, na yakishuka yana nguvu ya kukata barabara ya Kidatu. Hata dizeli! Damiani anasema ni jua la zamani mno, lililoliwa na vijimimea na vidudu vya majini ambavyo vilikufa vikafukiwa kabla mtu yeyote hajazaliwa. Kwa hiyo jua la mwaka huu lilizuia jua la zamani lisitufikie, na jua la mwaka jana, lililobaki kwenye pumba zako, likatuokoa. Makarani nimewaeleza hayo mmoja mmoja. Aliyekuwa anacheka zaidi amekuja nyumbani kumpa Mama pole upya.

Lakini sijakuambia ya saa sita. Siku ile ya kwanza mshale ulifika palipotakiwa, Saidi akafungua mvuke, gurudumu kubwa likasita, likageuka nusu, likageuka zima, mkanda ukalia na mchele ukaanza kushuka. Watu walipiga vigelegele. Mimi nikatazama jua, nikaona ni saa sita kamili, nikavuta kamba ya filimbi, kama ulivyokuwa unaivuta kila saa ya chakula chako. Mji haukuwa umeisikia tangu ulipotoka wewe.

Nyumbani, Mama alikuwa jikoni. Ananiambia hakufikiri kitu. Alisikia filimbi, akachukua sahani yako ya bati, akapakua wali, akaweka kambale juu, akafunika, akatoka hadi mlangoni kuniita nikupelekee. Hapo ndipo alipokumbuka. Alisimama na ile sahani, kisha akajifunga kitenge vizuri akaileta mwenyewe mpaka kwenye mashine, akapita katikati ya watu wote, akanipa mimi.

Nilikula juu ya gunia, Baba. Nilikula chote.

Barabara sasa imefunguka na mapipa yamefika. Tajiri amesema mashine yako haiuzwi, na misimu ya maji tutaiwasha sisi wenye nyungo. Nakuomba radhi kwa lile neno la mlangoni. Kopo lako la mafuta ninalo, na kitambaa nimekifua. Lala salama, Baba yangu. Leo ni Jumamosi, nakwenda kuipaka, na anayetaka kucheka acheke.

Mwanao,
Yuliana