Uzi wa Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Mkono wa kulia wa Mama haujapiga hatua. Amesema hivyo Naserian, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kliniki ya Kajiado, leo asubuhi. Kiharusi kilimpata Novemba. Mguu umerudi, anatembea na fimbo. Maneno yamerudi yote, na makali yake. Mkono hausogei. Mpaka uweze kushika sufuria, hawezi kuishi peke yake.
Mama anataka kurudi nyumbani kwake Kisaju. Msaidizi hamtaki. Ndugu yangu Mutua anataka nyumba ipangishwe. Tumekubaliana kungoja hadi mwisho wa mwezi.
Ushauri wa Naserian: apewe kazi ya mikono. Kwangu hapa Kitengela hizo hazikosekani.

Jumatano, 5 Machi
Nimefungua stoo. Kroshia, ya mwaka nilioajiriwa gazetini. Ushanga, wa mwaka niliohamishiwa habari za mahakama; mama mmoja Mmaasai wa sokoni Kisaju alinifundisha, nikaishia bangili moja na nusu. Batiki. Mishumaa. Udongo wa kufinyanga, umekauka. Sabuni iliyowawasha watu ngozi. Kila nilipochoka na habari za vifo nilinunua vifaa vipya. Sijamaliza chochote.
Mama alitazama katoni zikijaa sebuleni. "Mwende, hii si nyumba. Ni makumbusho ya vitu hazijaisha."

Ijumaa, 7 Machi
Kroshia. Sindano inaanguka. Mwishowe akaitupa mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

Jumapili, 9 Machi
Ushanga, baada ya kanisa. Kopo zima lilimwagika chini ya kochi. Nikaokota nikiwa nimepiga magoti.
"Kesho tutatengeneza nini? Ndege?" Mama akauliza.
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 11 Machi
Udongo. Niliulowesha tangu jana. Nikauweka mkono wake wa kulia juu ya bonge na kumwambia abonyeze. Aliponyanyua, hakukuwa na alama hata ya kidole.
Niliangalia pembeni. Kazini nimetazama maiti bila kuangalia pembeni.
"Niko na mkono moja," alisema. "Siko na akili nusu. Toa hii matope."

Jumamosi, 15 Machi
Tulienda Kisaju kuchukua nguo zake. Akatoka chumbani na kiondo, kikapu cha katani alichokuwa akisuka kabla ya kuugua. Kimefika nusu. "Zako tumejaribu. Sasa yangu."
Uzi umekwisha. Lazima usokotwe mwingine. Katani husokotwa kwa kiganja juu ya paja tupu, mkono wa pili ukishika ncha. Kiganja chake cha kulia hakifunguki. Alifikiri kidogo, kisha akanivuta nikae upande wake wa kushoto, akanipandisha sketi. Anasokota kwa mkono wa kushoto juu ya paja langu. Mimi nashika ncha.

Jumatatu, 17 Machi
Uzi unatoka. Mwembamba, imara. Paja langu limechubuka. Anaimba nyimbo za kanisa kwa Kikamba akisokota.
"Tulia, mwandishi. Unatingisha."
Nimempigia Mutua na kumwambia asitafute mpangaji. Mkono wa kulia bado haujafanya lolote, najua. Nilipiga hata hivyo.

Alhamisi, 20 Machi
Leo amejaribu kuunganisha uzi mpya na wa zamani. Mimi nilishika, yeye akasokota. Ulifumuka. Tukarudia. Ulifumuka tena. Nilifikiri nashika vibaya.
Sivyo. Mkono wa kulia ulisokota uzi wa zamani kuelekea upande mmoja. Wa kushoto umesokota mpya kuelekea upande wa pili. Mmoja unaufungua mwenzake. Mama alijua kabla yangu. Aliuinua uzi mpya kwenye mwanga wa dirisha.
"Hii ni ya mtu mwingine."
Nikamwambia tuanze kiondo kipya kwa uzi huo.
"Kiondo ya kwenda nayo wapi?"
Kisha akauweka mkono wa kulia juu ya paja lake na kuutazama. Nilibaki nimeketi pale.

Ijumaa, 21 Machi
Wakati wa chai alisema, "Mwambie Mutua aweke mtu kwa nyumba."
Nilimuuliza kama ana hakika. Nikamuuliza tena kwa maneno mengine, kama nifanyavyo kazini.
"Mimi si habari yako. Piga simu."
Nikapiga. Mutua akasema tayari kuna mwalimu anayeulizia. Alisema pole. Sikujua anampa nani.

Jumapili, 23 Machi
Hakuna la kuandika. Amelala mchana kutwa. Nilimpikia githeri, akala kidogo, akasema chumvi imezidi. Ilikuwa sawa.

Jumatano, 26 Machi
Tumetoa vitu Kisaju. Sufuria, mito, picha za ukutani. Mama aliketi nje kwenye kiti cha plastiki, hakuingia. Jirani alipita na mbuzi wake akamsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya." Akamwitikia, "Iko." Jirani akauliza atarudi lini. Mama akamuuliza habari za mvua.
Mutua alifunga mlango. Mama akanyoosha mkono wa kushoto, akaupokea ufunguo, akaushika kwa muda, akamrudishia.
Mpangaji anaingia Jumanne, tarehe 1 Aprili. Kliniki kwa Naserian ni Alhamisi, tarehe 3.