Aliyeonja Maji ya Mahoko

Dada Konsolata mpenzi,

Hili sijamwambia mtu: juzi nilikunywa bakteria, na hadi leo mwili unanisisimka.

Mbu wa huku kwa mjomba wameizoea dawa ya kupuliza, hawafi tena. Kwa hiyo mjomba, ambaye kazi yake ni kupambana nao, alinipeleka soko la Mahoko kutia bakteria kwenye mapipa ya maji ya mvua. Viluwiluwi vya mbu vikila, vinakufa, mtu hadhuriki. Tulipotia pipa la kwanza wanawake wakatuzuia. Mama Furaha, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye mjukuu wake anaumwa malaria, akachota kikombe humo.

"Hapa kwetu mwenye kuleta kinywaji anaonja wa kwanza. Bon, kunywa!"

Mjomba akakipokea, akaeleza, akaeleza tena. Kunywa, hakunywa! Wanawake wakaanza kufunika mapipa yao. Mimi ninayeogopa hata kujibu darasani nikakinyakua kikombe, nikanywa chote. Maji yalikuwa na ladha ya vumbi.

"Ona mutoto, muzee! Ni yeye mwanaume ya hapa!" Mama Furaha akacheka, akafunua pipa lake.

Leo tumerudi: viluwiluwi vimekufa vyote, nami ni mzima. Lakini mezani mjomba amemwambia mkewe kwamba yeye ndiye aliyekunywa. Nilibaki na kijiko mdomoni.

Nakukumbatia sana, wewe na mama. Ila mama, anavyojivunia kaka yake, asijue kamwe. Ndiyo maana kadi hii ya posta nimeitia ndani ya bahasha. Ibaki kwetu wawili, tafadhali.

Mdogo wako,
Imakulata