Mwenzangu wa Kamba

Kituo cha Vijana, mlimani,
Kasulu
Alhamisi jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na mdogo wangu Cadet, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inauma mpaka masikioni, na ukungu ukishuka hatuoni hata jengo la jikoni.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu yako, baba, huwa unaiweka sauti ya juu nyumba nzima isikie, na haya si ya nyumba nzima. Ndiyo maana nimemwomba Mama Vestina, mpishi wetu, anayekuja Kibondo kesho, aipitishe nyumbani Kumsenga na kuiweka mkononi mwako mwenyewe.

Safari yetu vijana wa kanisa ilikuwa njema. Huku tumechanganywa na vijana wa makanisa mengine. Asubuhi tunaomba, kisha tunapanda mlima, tunavuka korongo kwa kamba, tunajenga daraja la magogo kwa makundi. Mwongozaji wetu, kaka Hilali, anasema tumekuja kujifunza kuaminiana. Mimi nilishindwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya msichana mmoja anayeitwa Claudine.

Nilikuwa kundi la vitambaa vya njano. Yeye alipewa cha bluu, na nilimwona kwa macho yangu akimbembeleza mwenzake wabadilishane ili aje kwetu. Tangu hapo kila nilipogeuka alikuwa ananitazama. Nikicheka, anaacha kula. Akahamia kitanda cha jirani na changu, nami nikaanza kulalia begi langu.

Jumanne tukichota maji aliniuliza kama baba bado ananunua maharage Mabamba. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kazi yako. Nilipomuuliza amejulia wapi, akasema amesikia tu. Wenzangu walisema labda anataka urafiki. Niliwajibu kwamba anayetaka urafiki hasemi uongo. Nikamwomba kaka Hilali asinifunge naye kamba moja, akakubali. Lakini leo mwenzangu aliumwa tumbo, na aliyebaki bila mwenza alikuwa Claudine.

Mvua ilikuwa imelowesha mawe. Kwenye mteremko niliteleza, nikaning'inia, miguu haina pa kukanyaga. Kamba ilimchuna Claudine viganja vyote viwili na hakuiachia mpaka kaka Hilali alipofika kunivuta. Nilimsikia kule juu akisema, "Prudence, jishikilie. Nitamwambia nini data?"

Data. Kama tunavyokuita sisi nyumbani kwa Kiha.

Jikoni, Mama Vestina akimpaka asali kwenye vidonda, nilimuuliza Claudine huyo data ni nani. Alitazama sakafu, kisha akataja jina lako lote. Akasema mama yake ni Esteri, anauza mitumba Mabamba, na kwamba wewe hulala kwao kila siku ya soko, na sura yangu anaijua kutoka kwenye simu yako. Sikuamini. Nilimwambia jina mtu yeyote anaweza kuliokota. Ndipo akanieleza unavyotia chumvi kwenye chai na kusema sukari ni ya watoto. Nikatoka nje, nikakaa juu ya kuni.

Ni mdogo kwangu kwa mwaka mmoja tu, baba. Anasema hakuja kudai kitu. Alisikia vijana wa kanisa letu wanakuja, akataka kuniona nikicheka, kwa kuwa ulimwambia tunacheka sawa. Nilimuuliza pia kuhusu chapati ambazo mama hukufungia kila unapokwenda Mabamba. Anazijua. Anasema ni tamu.

Bado sijajua kama nina hasira au aibu. Ninachojua ni kwamba Jumamosi tunafunga kambi, na nimemwambia Claudine tutakuja wote nyumbani. Alikataa, anaogopa. Nimemshikilia, maana vidonda vile alivipata kwa ajili yangu, na mimi ndiye wa kuviuguza. Nakuomba, kwa heshima yote, umwambie mama kabla hatujafika. Ukishindwa nitamwambia mimi, lakini si haki ayasikie haya kwa mtoto.

Nisalimie mama sana, na Cadet asicheze mpira na viatu vya shule. Mungu akutie nguvu, utazihitaji.

Claudine amekaa hapa kando yangu. Viganja vimefungwa, hawezi kushika kalamu. Anasema nikuandikie shikamoo yake, nami nimeiandika.

Ni mimi mtoto wako,
Prudence